Shahidi wa Aliyelala

Katika mambo ambayo mwanadamu hawezi kujitolea ushahidi mwenyewe, mojawapo ni usingizi wake. Aweza kukwambia alilala saa ngapi na akaamka saa ngapi, na kama aliota ndoto aweza kukusimulia. Lakini vipi alivyolala, alikoroma au hakukoroma, alipumua vyema au pumzi zilimkatika, hayo hana khabari nayo. Anayeyajua ni aliyekuwa macho karibu yake. Basi kwa muda wa saa saba au nane katika kila siku, mke wa mtu, au mamake, au mwanawe alalaye chumba kimoja naye, humjua mtu huyo kuliko anavyojijua mwenyewe.

Jambo hili laonekana dogo, lakini limezaa suala kubwa la maadili, nalo ndilo tunalotaka kulitazama pamoja na wasomaji wetu. Mtu akiwa na maradhi ambayo hayamshiki ila akiwa amelala, na maradhi hayo yakamfanya mchana awe khatari kwa nafsi yake na kwa wenziwe, je, ana lawama? Na akishaambiwa na walio karibu naye, akakataa kusadiki, udhuru wake ungaliko au umekwisha?

Maradhi yenyewe

Tuanze kwa kuyajua maradhi, kwani haijuzu kuhukumu jambo tusilolijua.

Mtu alalapo, misuli ya mwili hulegea, na misuli ya koo nayo hulegea. Kwa wengi njia ya pumzi hubaki wazi. Kwa wengine hupungua upana, na hapo ndipo sauti ya kukoroma hutoka. Na kwa baadhi yao njia hiyo huziba kabisa. Kifua chapanda na kushuka kikitafuta hewa, lakini hewa haipiti. Oksijeni katika damu yapungua. Kisha ubongo washtuka, wamwamsha mwenyewe kidogo tu, koo lafunguka, naye avuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyezama majini akaibuka, halafu arudi usingizini. Asubuhi hakumbuki hata mara moja katika hizo.

Maradhi haya madaktari huyaita apnia ya usingizi. Hawahesabu kukatika kwa pumzi ila kuwe kumedumu sekunde 10 au zaidi, na huhesabu pia pale ambapo pumzi haikukatika lakini imepungua sana. Zikifika mara 5 hadi 14 kwa saa, maradhi ni mepesi. 15 hadi 29 ni ya wastani. 30 na kuendelea ni makali. Ebu fikiri, ndugu msomaji: mtu akatikaye pumzi mara 30 kwa saa, akalala saa saba, amekabwa koo mara 210 katika usiku mmoja, kisha aamka na kusema, "Nimelala usingizi mzito."

Lugha yetu imelitambua jambo hili zamani, kwani neno kupumzika limetokana na pumzi. Asiyepata pumzi hakupumzika, ajapolala usiku kucha. Ndiyo maana mtu huyu huamka na kichwa kizito, husinzia barazani watu wakizungumza, husahau mambo ya karibu, na huwa mwepesi wa hasira. Maradhi haya hufuatana na kupanda kwa presha ya damu na maradhi ya moyo. Wengi wanaopatwa ni wanene wenye shingo nene, lakini wembamba hawakusalimika. Na wanawake pia hupatwa, khasa baada ya kukoma hedhi. Wao mara nyingi hulalamika uchovu na kukosa usingizi, basi watu husema ni kazi za nyumbani, na maradhi yabaki pale pale.

Shahidi wa zamani na shahidi wa sasa

Mwaka 1965 Henri Gastaut na wenziwe katika mji wa Marseille, Ufaransa, na katika mwaka huo huo Jung na Kuhlo huko Ujerumani, waliandika kwa mitambo namna pumzi zinavyokatika usingizini. Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenziwe wa Sydney, Australia, walitangaza dawa yake: mashine isukumayo hewa taratibu kupitia puani, ili koo lisifunge. Hata leo mashine ya namna hiyo ndiyo tiba kubwa ya maradhi haya.

Basi tiba ikajulikana, lakini wenye kutibiwa wakawa wachache, kwa sababu wenyewe hawajijui. Mwaka 1993 watafiti wa jimbo la Wisconsin, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapima wafanyakazi 602 wa umri wa miaka 30 hadi 60. Walikadiria kuwa asilimia 24 ya wanaume na asilimia 9 ya wanawake hukatika pumzi mara 5 au zaidi kwa saa. Mwaka 1997 wakaonyesha kuwa katika wale ambao maradhi yao ni ya wastani au makali, asilimia 82 ya wanaume na asilimia 93 ya wanawake walikuwa hawajapata kuambiwa na daktari yeyote. Na mwaka 2019 makisio ya dunia nzima yalifika watu milioni 936 wa umri wa miaka 30 hadi 69.

Sababu moja ya kutojulikana ilikuwa ni ugumu wa kumpata shahidi. Kipimo kamili hufanywa katika chumba maalumu cha hospitali. Mgonjwa hulazwa usiku mmoja, akabandikwa nyaya kichwani za kusoma mawimbi ya ubongo, nyingine kando ya macho, kidevuni, kifuani na miguuni, na mtaalamu akakesha akimtazama. Kitanda kimoja, mtu mmoja, usiku mmoja. Gharama yake ni kubwa, foleni yake ni ndefu, na nchi nyingi vyumba hivyo ni vya kuhesabu.

Ndipo kikaja chombo kidogo cha kuchukuliwa nyumbani. Chombo hiki chatosha kiganjani, na hufungwa kwa mshipi kifuani. Kijibomba chembamba huwekwa chini ya pua kupima hewa ipitayo, mshipi hupima kupanda na kushuka kwa kifua, na kibanio huvishwa kidoleni kupima oksijeni ya damu. Mtu alala kitandani mwake, kwenye mto wake. Asubuhi chombo hurudishwa, daktari akayasoma yaliyoandikwa. Mwaka 2007 chuo cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa taratibu za kukitumia. Mwaka 2008 bima ya serikali ya nchi hiyo ikakubali mgonjwa apewe mashine ya tiba kwa ushahidi wa kipimo cha nyumbani. Na mwaka 2017 taratibu mpya zikathibitisha kuwa chafaa kwa mtu mzima mwenye dalili za wazi, asiye na maradhi mengine ya kuitatiza hali yake.

Uadilifu wa shahidi huyu

Lakini shahidi yeyote hupaswa kuchunguzwa kabla ushahidi wake haujapokelewa. Na chombo hiki, pamoja na manufaa yake, kina upungufu ambao mwenye kukitumia yampasa aujue.

Kwanza, vingi katika vyombo hivi havina nyaya za ubongo, kwa hiyo havijui ni wakati gani umelala na wakati gani uko macho. Vyajua tu muda vilivyofungwa. Tuseme mtu alivaa chombo saa 8, akalala saa 5, na pumzi zikamkatika mara 90. Ukigawanya 90 kwa saa 5 alizolala, wapata 18, maradhi ya wastani. Ukigawanya kwa saa 8 za chombo, wapata 11, maradhi mepesi. Mtu ni yule yule na usiku ni ule ule, lakini hukumu zimekuwa mbili.

Pili, kwa hiyo "ndiyo" yake na "hapana" yake hazina uzito mmoja. Kikisema maradhi yako, na dalili ziko, neno lake ni zito. Kikisema hapana, na daktari angali na shaka, taratibu za 2017 zataka mtu apelekwe kwenye kipimo kamili. Na mwenye maradhi makubwa ya moyo au ya mapafu, au aliyepata kiharusi, au atumiaye dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, huyo aanze na kipimo kamili tangu mwanzo.

Tatu, na hili latuhusu khasa sisi watu wa ngozi nyeusi. Kile kibanio cha kidole hupima oksijeni kwa mwanga upitao ndani ya ngozi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi waliolazwa hospitali, vibanio vya namna hiyo viliikosa oksijeni iliyopungua karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Utafiti huo haukuwa wa usingizi nyumbani, lakini chombo ni cha aina moja. Basi mtu mweusi akiambiwa "huna neno" na ilhali nyumba nzima yasikia akikabwa usiku, ana haki ya kuuliza mara ya pili.

Hatuyasemi haya ili watu wakikimbie chombo. Twayasema kwa sababu mwanadamu hupenda kuushika ushahidi umpendezao na kuuacha umchukizao.

Hukumu ya aliyelala

Sasa turudi kwenye suala letu. Wanazuoni wa sheria wamekubaliana kuwa aliyelala haandikiwi dhambi kwa alitendalo usingizini mpaka aamke. Lakini hao hao wamesema kuwa aliyelala akimgeukia mtoto mchanga akamwua, dia yapasa kulipwa. Dhambi imeondoka, dhamana haikuondoka. Hekima iliyomo humo ni kubwa: usafi wa moyo wa mtu haufuti hasara iliyompata mwenziwe.

Tutazame tukio moja lililo mashuhuri. Tarehe 1 Desemba 2013, asubuhi, gari la moshi la abiria liliacha reli kwenye kona ya Spuyten Duyvil katika mji wa New York. Kona ile yataka mwendo wa kilomita 48 kwa saa. Gari liliingia kwa kilomita 132. Watu wanne walikufa na makumi wakajeruhiwa. Wachunguzi wa serikali waligundua kuwa dereva alisinzia kwa sababu ya apnia kali ya usingizi ambayo ilikuwa haijagunduliwa, na kubadilishwa zamu yake karibuni kulizidisha jambo hilo. Tarehe 29 Septemba 2016, gari jingine likagonga mwisho wa kituo cha Hoboken, jimbo la New Jersey, likaua mtu mmoja. Dereva wa huko naye alikutwa na maradhi yale yale, na yeye pia alikuwa hajijui.

Je, tuwahukumu madereva hawa? Maradhi yao yalikuwa hayajagunduliwa. Udhuru wao wakubalika. Lakini tazama jambo jingine. Katika Machi 2016 idara za serikali ya Marekani zilianza kufikiria kanuni ya kuwapima madereva wa magari ya moshi, malori na mabasi. Katika Agosti 2017, mwaka mmoja haujatimia tangu ajali ya Hoboken, mpango huo uliondolewa. Hawa walikuwa macho, na khabari walikuwa nazo.

Kwa maoni yetu, watu katika jambo hili ni daraja tatu. Wa kwanza ni yule asiyejua wala hakuambiwa. Huyu hana lawama. Wa pili ni yule ambaye hajapimwa, lakini ameambiwa na mtu mkweli aliyemwona. Huyu hatuwezi kusema ni mgonjwa, kwani si kila akoromaye ana apnia. Lakini hawezi tena kusema "sikujua". Dalili ya mvua ni mawingu, na aliyeonyeshwa wingu akaanika mpunga wake asimlaumu aliyemwonyesha. Wajibu wake ni kwenda kuuliza. Wa tatu ni yule ambaye kipimo kimethibitisha maradhi yake, kisha akaacha tiba na akashika usukani. Huyu hasinzii kwa bahati mbaya. Yeye amechagua akiwa macho, na matokeo yakamfika akiwa amelala.

Zamani wa daraja ya pili alikuwa na la kusema: kipimo ki mbali, ghali, na cha kutisha. Chombo kidogo kimeupunguza udhuru huo. Hakikuuondoa kwa kila mtu, kwani si kila hospitali inacho; lakini pale kilipo, anayekataa kukivaa usiku mmoja akataa kwa khiyari yake.

Hoja za wanaosita

Wapo wasemao kuwa kukoroma ni dalili ya usingizi mnono, na kwamba mke amsemaye mumewe kwa jambo hilo amfanyia mzaha. Jawabu ni kuwa kuna kukoroma na kuna kukoroma. Sauti ikienda moja kwa moja ni jambo moja. Sauti ikikatika ghafula, kukawa kimya, kisha ikarudi kwa kishindo, hilo ni jambo jingine. Kimya hicho ndicho cha kuogopwa.

Wengine wasema: mambo ya chumbani ni sitara, na mke hapaswi kuyatoa nje. Hoja hii ina heshima yake na haifai kubezwa. Siri ya nyumba ni amana. Lakini amana haivunjwi kwa kumwambia mwenyewe aliye na siri, wala kwa kumwambia daktari. Wanazuoni walipoieleza ghiba, walitaja haja ambazo kwazo kutaja aibu ya mtu si kusengenya, na miongoni mwazo ni kutaka msaada na kuwatahadharisha watu na madhara. Mke amwambiaye shoga zake ili wacheke amekosa. Mke amwambiaye mumewe faraghani, kwa upole, "Bwana, usiku pumzi zakukatika, nami naogopa," amemfanyia nasaha. Naye mume ajibuye, "Mimi sikukoroma, nilikuwa macho," ajue kuwa amemkadhibisha shahidi wa pekee aliye naye.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni hoja ya riziki. Dereva wa lori au wa basi la masafa aogopa kuwa akipimwa akakutwa mgonjwa, tajiri atampa mwingine gari. Watoto watakula nini? Utingo wake, ambaye hulala naye humo garini na ambaye amesikia yote, naye hunyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Ni rahisi kwetu tulioketi barazani kumlaumu. Lakini khofu yake si ya uongo, na haiondoki kwa mawaidha. Yaondolewa na tajiri mwenyewe, atakaposema wazi: atakayepimwa, akatibiwa, akathibitishwa na daktari, usukani wake wamngoja. Tajiri amfukuzaye aliyesema kweli amewafundisha madereva wengine wote kuficha, na magari yake yatazidi kuendeshwa na watu wasinziao. Kwa hiyo kabla hatujamwuliza dereva kwa nini hakusema, yatupasa tuulize tajiri alifanya nini ili kusema kuwezekane.

Tufanye nini

Kwa mwenye kuambiwa: usikasirike. Uliza, "Wasikia nini? Mara ngapi? Nikilala ubavu yapungua?" Kisha nenda kwa daktari ukaombe kipimo. Na kabla hujafika huko yako mambo ambayo hayana gharama: kulala ubavu badala ya chali, kupunguza uzito kwa mwenye unene, na kusimamisha gari kando mara tu usingizi unapokujia, hata kama mzigo watakiwa.

Kwa mwenye kusikia: sema. Ukimwona babako mzee akikabwa usiku, usiseme ni uzee. Ukimwona mamako hana nguvu asubuhi baada ya kulala usiku mzima, usiseme ni kazi. Ukiweza, hesabu usiku mmoja ile kimya hudumu muda gani, umwambie daktari. Mwenye kulala hawezi kumwambia.

Na kwa wenye uwezo katika miji yetu tuna shauri moja. Kitanda cha hospitali humfaa mtu mmoja kwa usiku, lakini chombo hiki hutoka nyumba hii kikaenda nyumba ile, kikibadilishwa kijibomba chake tu. Wazee wetu walichimba visima na kuweka vyombo vya maiti msikitini ili kila mwenye haja atumie. Hakuna kinachozuia jamaa wa mtaa kukusanya fedha, wakanunua chombo kama hiki, wakakiweka chini ya daktari ajuaye kukisoma, maskini wakaazimwa. Lakini waliangalie na la pili, kwani kumwambia mtu kuwa ni mgonjwa na tiba yake hawezi kuinunua ni kumwongezea dhiki. Mashine ya hewa ni ghali na yahitaji umeme kila usiku. Anayetaka kuchangia chombo cha kupima, na afikirie pia mashine ya kutibu.

Mwanadamu huona fahari kusema, "Mimi najijua." Kila usiku aitwa na usingizi na kuambiwa kuwa hajijui, na kwamba yu mikononi mwa walio macho. Basi aliye macho na atekeleze amana yake kwa kusema, na aliyelala aamkapo na asikilize. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kusema kweli kwa upole, na wenye kuipokea bila ya kiburi.